Kutoka Ihanda hadi Matema: Familia inavyochagua harusi ndogo ya ufukweni

Mwezi wa sita Ihanda kuna baridi. Alfajiri ukungu unalala juu ya mibuni, na malori yanayotoka Tunduma kuelekea Mbeya yanapita kando ya kijiji yakiwa yamewasha taa. Ni saa 11 na nusu asubuhi. Mama mmoja amejifunga khanga mbili juu ya sweta, mumewe ameshika mfuko wenye chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, na binti yao mkubwa anaangalia simu. Wanasubiri gari la kwenda Mbeya. Hawaendi msibani wala hospitali. Wanakwenda kuangalia ufukwe.

Binti huyo ataolewa mwezi wa tisa. Mchumba wake anafanya kazi za uwakala wa mizigo mpakani Tunduma, na wote wawili wamesema hawataki ukumbi wenye watu 400, wala kamati inayokaa vikao 10 kujadili rangi ya vitambaa. Wanataka sherehe ndogo, kando ya maji, kwa watu wanaowafahamu kwa majina. Wazo hilo lilitoka kwenye picha ya viti vyeupe juu ya mchanga ambayo binti aliiona mtandaoni.

Baba hakuipokea vizuri.

"Mwanangu, nimechangia harusi za watu miaka 20," alimwambia. "Leo zamu yangu imefika, mimi nawaambia nini? Kwamba harusi iko ziwani, wao wabaki na mahindi yao?"

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa mzazi wa Kitanzania. Harusi ni deni la kijiji. Mtu anachanga leo akijua kesho atachangiwa. Ukiipeleka sherehe mbali, unahamisha pia watu, na wengine hutaweza kuwahamisha. Ndani ya nyumba hiyo kuna bibi ambaye ndiye aliyemlea bibi harusi hadi alipomaliza darasa la saba. Ana shinikizo la damu na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Bila yeye, binti amesema, hakuna harusi.

Zanzibar iliondoka mapema

Kifurushi cha kwanza walichopewa kilikuwa cha Zanzibar. Kilikuwa kizuri kwenye simu: upinde wa maua, keki, mpiga picha, usiku mbili hotelini kwa maharusi. Wakakaa na kalamu. Kutoka Ihanda hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 850 kwa barabara, yaani siku nzima na sehemu ya usiku. Baada ya hapo kuna kulala Dar, kuna boti, na upande wa pili kuna gari la kwenda ufukweni. Kurudi ni vilevile. Kwa wageni 40, nauli na malala peke yake vilikuwa vinazidi gharama ya sherehe yenyewe.

Kifurushi kilikuwa cha maharusi wawili tu, na wageni walikuwa nje ya bei. Watu wengi hulijua somo hili kutoka kwenye vifurushi vya intaneti: bei huandikwa kwa herufi kubwa, masharti kwa herufi ndogo. Mama ndiye aliyeuliza swali lililofunga mjadala: "Na bibi yenu atakaa kwenye basi saa ngapi?"

Baba alikuwa ameanza kufikiria kukopa, kwa kutegemea kahawa ambayo bado ilikuwa mtini. Mbozi ni wilaya ya kahawa, na familia nyingi hapa hupanga ada, bati na harusi kwa kuangalia mavuno yanayoanza katikati ya mwaka. Lakini kahawa ambayo haijauzwa haina bei, na kuoza kwa mbuni au kushuka kwa soko hakumsubiri bwana harusi. Binti mwenyewe alimzuia: "Baba, sitaki kuanza ndoa yangu na shamba lako likiwa rehani."

Ndipo mtu mmoja kanisani akataja Matema.

Kushuka kutoka baridi hadi joto

Mzazi wa Songwe hahitaji kuvuka bahari ili kuona mchanga. Ziwa Nyasa liko upande wa pili wa Milima ya Rungwe. Gari linapita Mlowo, linavuka Mto Songwe, linapanda na kushuka hadi Mbalizi, linaingia Mbeya mjini, na pale Uyole linaacha barabara ya Dar es Salaam na kukunja kusini.

Kuanzia hapo nchi inabadilika. Isongole kuna viazi kwenye magunia kando ya barabara. Kiwira na Tukuyu kuna migomba na chai, kijani mpaka macho yanachoka. Baada ya Tukuyu barabara inashuka, na kila kilomita chache mtu anavua kitu. Mama alivua khanga ya kwanza Tukuyu na sweta kabla ya Kyela. Ihanda iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Ndiyo maana kule kuna kahawa na huku kuna mpunga na kakao.

Tofauti hiyo ya mita 1,000 ni habari njema kwa picha za harusi. Kwa afya ni jambo la kupangia, kama itakavyoonekana.

Kutoka Kikusya barabara inapita Ipinda, karibu kilomita 39 hadi Matema. Nyumba zinapungua, mashamba ya mpunga yanafunguka, halafu mbele inatokea Milima ya Livingstone ikiwa imesimama wima kama ukuta. Ziwa liko chini yake. Maji yanafika hadi miguuni mwa mlima, na kwenye kona hiyo ya kaskazini ndipo ulipo ufukwe wa Matema: mchanga mrefu, mitumbwi iliyovutwa nje, nyavu zimeanikwa, watoto wanaosukuma tairi.

Baba alisimama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Kumbe ni hapa tu."

Mchanga unakanyagwa kabla ya kulipiwa

Mwenye nyumba ya wageni aliyezungumza nao kwa simu alikuwa ametaka nusu ya malipo kabla hawajafika. Baba alikataa. Kwa mkulima jambo hilo lilikuwa wazi: shamba halinunuliwi bila kukanyagwa. Wakafika, wakaangalia sehemu tatu tofauti, na kwa kila moja binti aliandika majibu kwenye daftari la shule.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na kila kitu kilichoonekana kwenye picha: mapazia, taa, kiti cha kifalme. Vyoo vilikuwa viwili kwa wageni wote, na kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Sehemu ya pili ilikuwa nafuu sana, lakini haikuwa na kivuli wala mahali pa kukimbilia mvua ikinyesha. Sehemu ya tatu haikuwa na mapambo yoyote. Ilikuwa na miembe mikubwa, banda lenye paa na sakafu, vyoo vinne, vyumba vya kutosha watu 24 vyenye vyandarua, na jiko ambalo mama aliruhusiwa kuingia. Wageni wengine 14 wangelala nyumba ya jirani.

Waliichagua ya tatu. Kifurushi chao kina mambo haya: nafasi chini ya miembe kuanzia saa 9 alasiri, viti 40, meza, banda kama hali ya hewa itabadilika, chakula cha jioni kimoja na kifungua kinywa kimoja, malazi ya usiku mbili, na mtu wa kusimamia maji na usafi wa vyoo. Muziki ni spika moja ya bwana harusi. Mapambo ni vitenge ambavyo mashangazi watanunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pamoja na vyungu vya udongo vya Wakisi.

Vyungu hivyo vilikuwa wazo la mama. Wanawake wa Kisi wanaoishi Ikombe, kwenye ncha ya milima inayoingia ziwani, hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvisafirisha kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema. Kutoka hapo vinafika Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Vyungu 10 vyenye maua vinapamba meza, na baada ya sherehe kila shangazi anarudi na chungu cha kupikia maharage. Maua ya plastiki ya kukodi yasingefanya hivyo.

Chakula nacho kilikuwa rahisi kuamua. Wali wa Kyela, samaki wa ziwani, maharage, ndizi za Rungwe na mboga. Mama aliuliza jambo moja tu na kulirudia mara mbili: chakula kitapikwa saa ngapi? Wali uliopikwa asubuhi na kukaa kwenye joto hadi jioni unaweza kuwaharisha wageni wote. Walikubaliana kwamba wali na samaki vitapikwa kuanzia saa 9 na kuliwa vikiwa vya moto, na maji ya kunywa yatakuwa ya chupa au yaliyochemshwa.

Tarehe inachaguliwa na mvua, siyo kalenda ya ukumbi

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini. Mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka, na mwezi wa nne hunyesha kwa nguvu kiasi cha kujaza mito na mashamba. Mtu anayetaka sherehe ya nje hapa hutazama kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Kwa familia za Mbozi miezi hiyo ina faida ya pili: kahawa inakuwa inavunwa na kuuzwa, na fedha iliyopo mkononi haina riba.

Lakini kiangazi nacho kina mwenyewe. Katikati ya mwaka upepo wa mwera huvuma kutoka kusini na kuinua mawimbi makubwa ziwani. Wavuvi wa Matema huusoma vizuri, na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliwaambia wasithubutu kupanga bwana na bibi harusi wafike kwa mtumbwi, hata kama picha itakuwa nzuri. Wazo hilo lilikuwepo kwenye daftari. Likafutwa palepale.

Kilichobaki ni Jumamosi ya mwezi wa tisa, saa 10 jioni, ibada fupi ya nusu saa, chakula, na watu wawe ndani ya vyandarua au angalau chini ya nguo ndefu kabla giza halijaingia.

Malaria na kichocho havimo kwenye bei

Hakuna kifurushi kinachoandika malaria. Mzazi ndiye anayepaswa kuiandika.

Ihanda kuna baridi, na mbu wa malaria hawapendi baridi. Mtoto aliyekulia nyanda za juu huenda hajajijengea kinga kama mwenzake wa Kyela, hivyo akiumwa malaria anaweza kuzidiwa haraka. Ndiyo maana swali la vyandarua halikuwa la anasa. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa kisicho na matundu, na familia yenye mtoto mdogo ibebe chake. Mjamzito yeyote kwenye msafara, na katika familia hii yupo mmoja, apite kliniki kwanza, aulize kuhusu dozi yake ya SP na kama safari inamfaa kwa umri wa mimba aliyonayo.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba malaria haitokei siku ya harusi. Dalili kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na zinaweza kuchelewa wiki kadhaa. Watu watakuwa wamesharudi Ihanda, wanaangalia picha. Mtoto akipata homa wakati huo asipewe dawa ya mafua na kulazwa. Apelekwe akapimwe siku hiyohiyo, na mzazi amwambie mhudumu waziwazi: "Wiki iliyopita tulikuwa Kyela." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha.

La pili ni kichocho. Ziwa Nyasa lina maji safi ya kuvutia, lakini linajulikana pia kwa ugonjwa huu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, hasa penye nyasi na matete, na huingia mwilini kupitia ngozi. Mtu hahitaji kunywa maji, kusimama tu ndani yake kunatosha. Picha ile maarufu ya maharusi wakiwa wamezamisha miguu majini ndiyo hasa njia yake. Binti alisikitika, kisha akakubali kwamba picha itapigwa kwenye mchanga mkavu, mgongo kwa ziwa. Ambaye ataingia majini, awe mtoto au mtu mzima, aende kupimwa wiki 6 hadi 8 baadaye hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu ugonjwa huanza kimya na damu kwenye mkojo huja baadaye. Tiba ipo, ni vidonge vya praziquantel.

Watoto watakuwa na msimamizi wao, shangazi mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama maji na kuhesabu vichwa. Hatapika wala hatacheza muziki hadi mwenzake ampokee. Ziwa hili lina kina kirefu, na kwenye kona hii mlima unaingia majini ghafla.

Kuhusu bibi, mama alifanya mambo manne. Alimpeleka kupima shinikizo la damu mwezi mmoja na nusu kabla, ili kama dawa inahitaji kubadilishwa kuwe na muda. Aliuliza kama safari inamfaa. Alipanga dawa za wiki nzima kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu mkoba mkubwa hufungwa juu ya gari. Na alikubaliana na dereva wa Coaster kwamba watasimama Mbeya, Tukuyu na Kyela, bibi ashuke, atembee dakika 10, anywe maji na aende chooni. Safari itachukua siku nzima, na hilo ni sawa. Matema kuna hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na baba aliifuata kwa miguu kutoka ufukweni ili ajue njia.

Ndoa na sherehe ni vitu viwili

Swali la mwisho lilikuwa la sheria na la kanisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na ndoa ishuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili. Mchanga haufuti masharti hayo. Anayetaka kufungia ndoa yenyewe ufukweni anapaswa kumuuliza mapema kiongozi wake wa dini, au ofisi ya msajili wa ndoa wilayani, kama mahali hapo panaruhusiwa na nani atafungisha. Muuza kifurushi akisema "hilo tutalimaliza hukohuko", mzazi asilipe.

Mchungaji wao alipendelea kiapo kifanyike kanisani Ihanda. Mwanzoni binti aliona kama ameshindwa, lakini jibu hilo ndilo lililomtoa baba kwenye deni lake la miaka 20. Ndoa itafungwa Alhamisi saa 4 asubuhi, kijiji kizima kikiwepo. Hakutakuwa na kamati wala kadi za mchango. Baada ya ibada, majirani watakula ugali, maharage na nyama chini ya maturubai nyumbani kwa bibi harusi, na yeyote anayetaka kuleta debe la mahindi au kuku atapokelewa kwa mikono miwili. Ijumaa watu 38 watapanda magari mawili kwenda Matema. Jumamosi ni sala ya shukrani na chakula. Jumapili wanarudi.

Baba aliandika makubaliano kwa mkono wake, kurasa mbili: tarehe, idadi ya watu, kila kitu kilichomo, kipi hakimo, fedha ya awali kiasi gani, inarudishwa lini na kwa sharti gani, na nini kitatokea ikiwa kuna msiba katika familia na tarehe ikasogezwa. Mwenye nyumba alisaini, baba akalipa robo, akapewa risiti.

"Ndaga fijo," mwenyeji alisema kwa Kinyakyusa, asanteni sana, akawafungia samaki wawili waliokaushwa wa njiani.

Walifika Ihanda usiku, baridi ikiwa imesharudi. Bibi alikuwa bado macho, amekaa kando ya moto. Binti alimwonyesha picha kwenye simu moja baada ya nyingine: miembe, mchanga, mlima, banda. Bibi alizitazama kwa makini, akarudi kwenye ile ya viti.

"Hivi viti havina pa kuegemea mgongo," alisema. "Mwambieni huyo mume wangu wa Tunduma aniletee kiti changu cha hapa nyumbani."

Binti alifungua daftari, na chini ya orodha akaandika: kiti cha bibi, gari la kwanza.